Betri inazima mlimani: niongezewe seli?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina baiskeli ya umeme, huu ni mwaka wa pili. Betri ni ya lithiamu, volti 48, Ah (ampia-saa) 10. Baiskeli nzima ina kilo 31, mimi nina 82. Natoka Kimara kwenda kufundisha Upanga, kama kilomita 14. Asubuhi sina shida. Jioni nikishavuka Ubungo na kuanza kupanda, inazima maeneo ya Baruti, nashuka nasukuma. Nikipumzika taa mbili za chaji zinarudi, nikiondoka inazima tena. Muuzaji aliniambia inakwenda kilomita 60! Fundi wa mtaani kwetu anasema uzito wa baiskeli ndio unaokula chaji, na kwa laki na nusu ataniongezea seli nifike 80. Amenishauri pia niwe naimaliza chaji kabisa ndipo nichaji. Betri nimemwachia tangu jana aiangalie. Nimlipe? (Mwalimu, Kimara)

JIBU: Mwalimu, kaichukue betri yako leo. Mengine soma ukiwa njiani.

Swali kama lako linanifikia kila wiki, kinachobadilika ni jina la mtaa tu. Kila mara ni betri nzima, mwenye nayo aliyeahidiwa makubwa, na mtu mwenye bisibisi anayejua kuongea.

Zidisha volti kwa Ah: 48 mara 10 ni wati-saa 480. Hilo ndilo tangi lako. Baiskeli kama yako, kwa mtu anayezungusha mkono tu bila kunyonga, katika barabara ya kusimama na kuondoka, inakula wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita. Gawanya mwenyewe, wewe ndiye mwalimu: ni kilomita 24 hadi 32. Toa kidogo kwa sababu ya umri wa betri. Sasa hesabu kutoka Kimara hadi Upanga na kurudi mpaka Baruti. Inazima palepale inapotakiwa kuzima. Haiumwi popote.

Ile 60 ya muuzaji si uongo mtupu. Inapatikana kwa kijana mwembamba anayenyonga kweli, mota ikimsaidia kidogo tu, njia tambarare, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Sijawahi kumwona mteja wa hivyo akiingia kwangu.

Na uzito umesingiziwa. Ongeza kilo 10 kwenye baiskeli, uzipandishe mlima wa mita 100 kwenda juu: umetumia wati-saa zisizofika 4, hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye mota. Kilo 31 zinaumiza mgongo ukiibeba ngazini, na zinaumiza ukiisukuma, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini anayekula betri ni upepo unaokupiga kifuani. Ukitoka mwendo wa 25 ukaenda 35, upepo unakuzuia karibu mara mbili. Halafu kuna matairi. Naletewa baiskeli "imechoka betri", nabonyeza tairi kwa kidole gumba, linabonyea kama embe bivu.

Zile taa mbili zinazorudi nazo zisikudanganye. Betri yako ikijaa ina volti 54.6, na kontrola, kile kifaa kinachoongoza mota, hukata umeme zikishuka hadi kama 39 au 40. Mlimani mota inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri iliyokaribia kuisha inaporomoka volti tatu au nne papo hapo. Kontrola inaona imefika mwisho, inakata. Ukisimama mzigo unaondoka, volti zinapanda tena, taa zinawaka. Hakuna chaji mpya iliyoingia. Ukilazimisha unakamua seli zilizobaki na mabaki tu.

Sasa tuje kwenye hilo la kuongeza seli, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie jibu refu.

Ndani ya betri yako, kama imetengenezwa kwa seli za kawaida za 18650 (milimita 18 upana, 65 urefu), kuna seli, yaani betri ndogondogo, kama 52: makundi 13 yaliyofuatana, kila kundi na seli nne bega kwa bega. Zilitoka kiwandani zikiwa zimelinganishwa, zimezeeka pamoja. Juu yake kuna BMS, kile kibao cha elektroniki kinachopima volti za kila kundi na kukata umeme kundi lolote likizidi au likipungua. Zingatia: kinapima kundi. Seli mojamoja ndani ya kundi hakizioni.

Huyo ndugu yako atazitoa wapi seli za kuongeza? Nitakuambia: kwenye betri za laptop zilizokufa. Au atanunua mpya zilizoandikwa 9,900 mAh (mAh elfu moja ni Ah moja). Seli ya 18650 iliyo bora kabisa inashika kama 3,500. Ukiona 9,900 imeandikwa kwenye ganda, aliyeandika alikuwa na printa tu, seli hana. Ukiunganisha seli ya volti 4.1 bega kwa bega na ya 3.3, ile ya juu inamwaga umeme kwenye ya chini bila breki yoyote. Zikinusurika siku hiyo, zile dhaifu zitachoka mapema na kuliburuta kundi zima, na siku moja katika kuchaji moja itapata joto kuliko wenzake.

Masika iliyopita niliifungua betri moja "iliyoboreshwa". Seli za bluu, za zambarau, za kijani, nyingine bado zina gundi ya laptop. Moja imechanika ganda, ikafungwa selotepu. Badala ya kuunganishwa kwa utepe wa nikeli na mashine yake, zilichomelewa kwa pasi ya risasi, joto ambalo seli haitakiwi kulipata hata mara moja. Makundi mengine yote yalikuwa kwenye volti 3.9, moja lilikuwa 2.1. Kwa nini BMS haikukata? Kwa sababu ilirukwa kwa waya mnene. Ilikuwa inakata-kata, inamsumbua mteja, basi fundi akaiondolea kazi. Mwenye betri alikuwa anaichaji usiku, ukumbini, mlangoni pa chumba cha watoto.

Huko New York, ambako wapeleka chakula wengi wanatumia baiskeli hizi, zimamoto walihesabu vifo 18 vya moto wa betri za lithiamu kwa mwaka 2023 peke yake. Moto wenyewe hauanzi pole pole kama wa godoro. Unatoka moshi, unafuata mlipuko, na ukidhani umeuzima unawaka tena. Ukiwa umechaji karibu na mlango, mlango huo huna tena.

Kuhusu kumaliza chaji kabisa: hiyo ilikuwa habari ya betri za nikeli-kadimiamu, za redio za zamani. Lithiamu inachukia sifuri. Anayekupa ushauri huo hajui anachokifungua.

Dawa yako ni rahisi hadi inaudhi: nenda na chaja shuleni. Ukifika Upanga umetumia karibu nusu, na chaja ya ampia 2 itairudisha kwa saa tatu hivi, wewe ukiwa darasani. Ongea na mkuu wa shule. Uniti ya umeme hata haifiki moja. Jaza upepo matairi kila wiki, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni. Na kuanzia Ubungo kwenda juu, mwalimu, nyonga. Pedeli hazikuwekwa kwa urembo. Ukitaka kweli kilomita nyingi zaidi, nunua betri kubwa iliyounganishwa kiwandani, ya volti zilezile, yenye chaja yake. Bei yake itakuuma, najua.

Ukiipata betri jioni hii, kabla ya chochote angalia skrubu za kasha kama vichwa vimekwaruzwa, na kama gundi ya kwenye mshono imekatwa. Itikise karibu na sikio. Ikilia kitu ndani, au ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiichomeke. Iweke nje juu ya saruji, mbali na ukuta na mbali na pikipiki ya jirani, unipigie nije na ndoo ya mchanga.