Kabla ya Kukaa Mbele ya Jopo

Mahojiano yangu ya kwanza baada ya kuhitimu chuo yalifanyika katika ofisi moja ya wakala wa forodha hapa kisiwani Mombasa, na hayakuzidi dakika kumi na tano. Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima, au hivyo ndivyo nilivyodhani: nilikariri sifa zangu mbele ya kioo, kwamba mimi ni mchapakazi, mwepesi wa kujifunza na mwenye kushirikiana vyema na wenzake. Mama mmoja aliyeketi katikati ya jopo alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja tu: kontena la mteja likishushwa melini, ni mambo gani yanayofuata mpaka lifike ghalani kwake? Shahada yangu ni ya biashara, na somo la uchukuzi nililifaulu vizuri, lakini nilichomjibu ni maneno ya darasani ambayo hata mimi, nikijisikia, niliona hayana kontena ndani yake.

Jioni hiyo nilivuka feri nikiwa na koti mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wangu kule Likoni, ambaye alikuwa karani wa mizigo kwa miaka mingi. Alicheka kwanza. «Sasa mpwa wangu, umeomba kazi ya upishi na hujui jiko linawashwaje?» Halafu akachukua karatasi akanichorea: mwenye meli hutoa orodha ya shehena, wakala huwasilisha maelezo ya mzigo kwa KRA, yaani mamlaka ya mapato ya Kenya, ushuru hulipwa, mwenye meli akishalipwa chake huruhusu mzigo utolewe, na ukaguzi ukihitajika hufanywa, ndipo ada za bandari zilipwe na lori liingie kupakia. Jambo alilolisisitiza zaidi ni la ucheleweshaji. Siku zisizotozwa zikiisha, bandari hudai ada ya kuweka mzigo kwenye yadi yake, na mwenye meli naye hudai malipo ya kucheleweshewa kontena lake. Hizo ni bili mbili tofauti, na mteja akikupigia simu analia, sharti ujue analilia ipi.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba sehemu kubwa ya matayarisho iende kwenye kazi yenyewe ya mahali unapokwenda, wala si kwenye namna ya kujisifu. Ukiitwa hotelini Nyali au Diani, jua ni miezi gani vyumba hujaa, na wafanyakazi hufanya nini msimu unapolala. Tovuti ya kampuni itakupa historia na picha za wakubwa, ila atakayekueleza kazi ilivyo ni karani wa chini, dereva au bawabu, na watu wa hapa hawamnyimi mtu maneno akiwafuata kwa adabu na kuwaacha wamalize kahawa yao.

Jambo la pili ni uzoefu, ambalo huwatia hofu wahitimu wengi kuliko inavyostahili. Mimi niliandika katika wasifu wangu kwamba sina uzoefu wowote zaidi ya mafunzo ya nyanjani, ilhali kila likizo nilikuwa nikimsaidia shangazi dukani. Hapo dukani niliwahi kugundua kwamba gunia la sukari la kilo 50, likiuzwa kwa rejareja, halikuwahi kutoa fedha za kilo 50. Shangazi alimshuku kijana wa duka. Nilipima upya kila pakiti kwa siku kadhaa, nikaona mizani ilikuwa mbovu na kila kilo ilikuwa ikizidi kidogo, kwa hiyo hasara ilikuwa ikitoka mlangoni mchana kweupe, mikononi mwa wateja walioshukuru. Hadithi kama hiyo, yenye tatizo, ulichofanya na matokeo yake, ina uzito kuliko sifa kumi zisizo na ushahidi. Itafute yako, uisimulie kwa sauti mbele ya mtu, tena kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Nasema hivi kwa sababu mwanajopo anaweza kubadilisha lugha ghafla ili aone utakavyozungumza na mteja au dereva wa lori, na wengi wetu, pamoja na kuzaliwa pwani, tuliyosomea chuoni hatujawahi kuyatamka kwa Kiswahili.

Kuhusu stakabadhi sina mengi: kitambulisho, vyeti na nakala zake, namba ya PIN ya KRA, na cheti cha tabia njema ambacho ni vyema ukiombe mapema kwa sababu kinahitaji alama za vidole. Kuhusu safari, anayetoka ng'ambo ya Likoni asiitegemee feri ya dakika za mwisho. Mimi huvuka saa mbili kabla ya miadi, na koti silivai mpaka nifike mlangoni, maana joto la kaskazi halimheshimu mtu.

Swali la mshahara lisikukute mikono mitupu. Ulizia wanaofanya kazi ya namna hiyo hulipwa kiasi gani, kisha ukumbuke kwamba kiasi utakachotaja si kitakachokufikia mkononi: kabla yake kuna kodi ya mapato, mchango wa akiba ya uzeeni wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu. Mtu akikutaka utoe chochote ndipo uitwe kwenye mahojiano, hiyo si kazi, ondoka.

Katika mahojiano yangu ya pili, katika kampuni nyingine, waliniuliza kama nina swali. Niliuliza aliyeshika nafasi hiyo kabla yangu alikuwa akikwama wapi zaidi. Walitazamana, kisha wakazungumza wao kwa wao kwa muda mrefu kuliko nilivyozungumza mimi, juu ya wateja waliokuwa wakipewa bili bila kuelezwa ni ya nani. Nikachukua karatasi, nikawachorea zile bili mbili za mjomba. Siku ya nne walinipigia simu. Nilikuwa dukani kwa shangazi, nikipima sukari.