Maswali ya Sheria: Kusajili Shirika la Hisani Tanzania Bara

SWALI: Tuko watu 12 Morogoro. Tumekuwa tukichangishana kuwanunulia yatima sare na madaftari, na sasa tunataka kujisajili. Mmoja wetu anasema twende BRELA (wakala wa serikali unaosajili kampuni na biashara), mwingine Wizara ya Mambo ya Ndani. Tumfuate nani?

JIBU: Msimfuate yeyote kati yao. Zamani mashirika mengi ya hisani yalisajiliwa BRELA kama kampuni zenye ukomo wa dhamana (wanachama huahidi kiasi fulani cha fedha badala ya kununua hisa), lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliyaondoa huko. Mambo ya Ndani husajili jumuiya, zikiwemo za kidini. Kazi yenu inaangukia Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, na Msajili wake yuko katika wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii.

Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu. Mwambieni mnataka ngazi ipi: wilaya, mkoa au taifa. Ngazi inaweka mpaka wa eneo la kazi, kwa hiyo msiombe taifa kwa ajili ya ukubwa wa jina ikiwa yatima wenu wote wako wilaya moja. Maombi yenyewe hutumwa kwa mtandao pamoja na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na sahihi zao, wasifu na picha za viongozi, anuani ya ofisi na ada. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. "Mama Asha" kwenye muhtasari na jina jingine kwenye kitambulisho ni sababu tosha ya faili kurudishwa.

SWALI: Kuna shirika rafiki limetupa katiba yao. Tukibadilisha jina tu, haitoshi?

JIBU: Haitoshi, na tunawasihi msifanye hivyo. Cheti kinawaruhusu kufanya yale yaliyomo kwenye katiba yenu. Ikiwa mmenakili madhumuni ya kilimo, siku mtakayolipa ada za shule mtakuwa nje ya katiba, na kwenda kinyume na katiba ni moja ya sababu za kufutiwa usajili.

Angalieni sana akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uwe halali. Mkiandika theluthi mbili ya wanachama, kwenu ni watu 8. Wawili wakihama mji wakiwa bado wanachama na watatu wakisafiri, mmebaki 7 na mkutano mkuu hauwezi kupitisha lolote, hata kumwondoa mweka hazina aliyeharibu. Nusu ya wanachama, yaani 6, inawafaa zaidi. Benki nayo itataka kuona watia sahihi: teueni watatu, na kila malipo yatiwe sahihi na wawili, mmoja wao akiwa mweka hazina. Kisha andikeni wazi kwamba shirika likivunjika, mali iliyobaki itakwenda kwa shirika lenye malengo kama hayo. Isigawanywe kwa wanachama hata kidogo, maana hapo ndipo hisani inapogeuka biashara.

SWALI: Cheti tumepata. Je, sasa hatulipi kodi?

JIBU: Mtalipa, mpaka Kamishna wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) awatambue kuwa shirika la hisani chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Cheti cha Msajili kinawapa uwezo wa kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki au kushtakiwa kwa jina la shirika. Msamaha wa kodi haumo. Chukueni TIN (namba ya mlipakodi), kisha mpeleke maombi TRA mkionyesha kwa hesabu kwamba kazi yenu ni kupunguza umaskini, kuendeleza elimu au kuhudumia afya ya umma. Hata mkikubaliwa, mfanyakazi wa mshahara atakatwa PAYE (kodi ya mshahara inayokatwa na mwajiri) kama kawaida, na duka mtakalofungua kuchangia mfuko lina hesabu yake ya kodi.

Cheti hudumu miaka 10, ila taarifa ya kazi na ada ni za kila mwaka. Mwaka usio na fedha nao huandikiwa taarifa: semeni hamkufanya kitu, na kwa nini.