Barua kwa mwanangu: kuhusu lile tumbo lako

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama baba yako na mimi tulijua, ulipokuwa mdogo, kwamba hofu yako ilikuwa ugonjwa, kwa kuwa mshauri unayemwona amekuomba ukusanye habari za utotoni. Jina la ugonjwa hatukulijua. Tulilolijua ni tumbo.

Lilikuuma kila Jumatatu asubuhi, na Jumamosi halikuuma kamwe. Shangazi yako alisema unadeka, nami nikamjibu neno ambalo sijaliacha mpaka leo: tumbo la mtoto halisemi uongo. Daktari alipokupima asione kitu, nilirudi nyumbani nimeudhika kana kwamba amekuita mwongo. Sasa nimesoma kwamba mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na tumbo likasokota, hata kama hatari yenyewe ni ubao wa darasani tu. Nimesoma pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 waliishi na maradhi ya wasiwasi mwaka 2019, milioni 58 kati yao wakiwa watoto na vijana wadogo. Jumatatu zao sijui zikoje.

Lakini linalonikaa rohoni ni siku ile ya shairi. Ulikuwa na miaka minane, na beti zote nne ulizitamka hata usingizini. Tulipofika mlangoni mwa ukumbi ulikuwa umeingiza kola ya shati mdomoni, unaitafuna, na kiganja chako kimelowa jasho ndani ya changu. Ukasema, "Mama, nitakufa." Baba yako akasema uingie tu, utazoea. Mimi nikakuondoa. Kabla hatujafika kona ya kwanza tumbo lilikuwa limepoa, ukaanza kurukaruka njiani, nami nikajiona mama hodari kuliko wote.

Furaha ile ndiyo inayonichoma. Ulinieleza mwenyewe kwamba kila mtu anapokikimbia anachokiogopa, nafuu anayoipata papo hapo huifundisha akili kwamba hatari ilikuwapo kweli, na safari ya pili hofu huja na nguvu zaidi. Basi nimekaa nikihesabu: shairi, mbio za shule, arusi ya binamu yako, ule mtihani wa kuzungumza. Kote huko nilikurudisha nyumbani mimi.

Je, baba yako alikuwa na haki? Nilikwisha kuandika hapana, nikaifuta. Kumsukuma ukumbini mtoto anayelia si kumzoesha. Hizo hatua ndogondogo ulizopanga na mshauri wako, usome kwanza mbele ya mtu mmoja, kisha watatu, ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo tungaliweza kuketi nawe pale mlangoni mpaka kutetemeka kuishe, hata kwa saa nzima, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Tumbo la mtoto halisemi uongo, nashikilia, ila huenda siku ile sikulisikiliza lako peke yake. Mimi pia sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema, hata arusini kwangu. Mwambie mshauri wako, kwa maana nasikia wasiwasi kwa sehemu hurithiwa.

Shati lile ningali nalo, kola yake ina matundu manne. Ubeti wa tatu umenitoka kabisa. Ukija, unisomee, nitaketi mbali kidogo.

Mama yako