Mizinga ya Vita vya Kagera ilifika wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama kwenye hadithi yako mizinga ya JWTZ, jeshi la Tanzania, inaweza kuipiga Kampala ikiwa bado Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Haiwezi. Mutukula hadi Masaka peke yake ni kama kilomita 90 kwa barabara, na Kampala iko mbele zaidi. BM-21, ile Waganda waliyoiita Saba Saba, hurusha roketi za milimita 122 hadi kilomita 20 hivi. Mitutu yake 40 imekaa juu ya lori, na yote huweza kufyatuka ndani ya sekunde kama 20. Hapo lori huondolewa mbio kabla adui hajajibu, kisha roketi hupakiwa upya kwa mikono, moja moja. Pandikiza jasho hilo kwenye sura yako, waandishi wengi huliruka.

Mwenye AK-47 naye usimpe shabaha ya kilomita moja. Kumpata mtu kwa uhakika ni mita 300 hivi, ingawa risasi huruka mbali zaidi na kuua raia wasiohusika. Kwa hiyo sogeza kikosi chako hatua kwa hatua: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Kampala Aprili.