Madoa meupe baada ya kuosha gari

Pole ndugu. Umesema gari lako jeusi linabaki na madoa meupe kila ukiliosha nyumbani, hata ukibadilisha sabuni. Sabuni haina kosa. Hayo ni madini ya maji magumu, hasa kalsiamu na magnesiamu: tone likikauka, maji yanapotea, madini yanabaki juu ya rangi. Kwa hiyo usiache tone lolote lijikaukie lenyewe.

Osha kivulini, na kwanza gusa boneti. Ikiwa bado ya moto, subiri. Anzia kwenye paa ushuke, sehemu moja moja, ukisuuza kabla povu halijakauka na kuzilowesha tena zile ulizomaliza. Mwishoni chomoa kichwa cha mpira wa maji, uache maji yatiririke polepole kutoka juu. Yatateremka kwa pamoja na kuondoka na matone mengi; hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo inayosaidia kuliko zote. Kausha papo hapo kwa taulo safi la mikrofaiba: litandaze, livute taratibu, usikandamize. Vioo vya pembeni huendelea kuvuja, virudie.

Madoa yaliyopo jaribu siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwanza mahali pasipoonekana. Pangusa kwa kitambaa laini, suuza mara moja. Yakigoma na ukaona vishimo, rangi imeshaliwa. Hapo mwone fundi wa polishi, kwani tabaka la juu ni jembamba na ukilisugua ovyo utalimaliza.