Roboti Ikinyamaza: Kwa Mnaoanza Kuunganisha Kivinjari na Simu

Kazi ya kwanza niliyoipa roboti ya kivinjari, katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ilikuwa kufungua ukurasa wa kampuni ya meli, kuandika namba ya kontena, yaani herufi 4 zikifuatwa na tarakimu 7, kusoma hali ya mzigo, kisha kuikabidhi kwa n8n, huduma ya kuunganisha programu mbalimbali, ili iitume kwenye simu ya karani aliyeko bandarini Kilindini. Kama ilivyo kwa Zapier au Make, huhitaji kuandika msimbo, kwani unaunganisha visanduku, kila kimoja kikiwa hatua moja ya kazi, kwa mistari tu, na mlolongo huo ndio huitwa mtiririko. Kuunganisha huko kulinichukua asubuhi moja, nami nikadhani nimemaliza.

Wiki chache baadaye karani alikaa hadi adhuhuri bila kupata ujumbe wowote, akaamini kwamba meli haijashusha. Kumbe ukurasa ulikuwa umebadilishwa sura, roboti ikakosa mahali pa kuandika namba, ikasimama kimya. Kontena lilikuwa limeshushwa tangu jana yake, na siku zisizotozwa ada zilikuwa zikiyoyoma. Ndiyo maana nawasihi, kabla hamjafikiria kitu kingine chochote, mhakikishe kwamba kimya cha roboti kina maana moja tu: hakuna kilichobadilika. Matokeo yakiwa matupu, simu ipokee maneno “Sikuweza kusoma ukurasa”. Kila asubuhi, hata kama hakuna kilichobadilika, roboti itoe taarifa kwamba ingali kazini, na taarifa hiyo isipofika, mtiririko wa pili ulio kwenye huduma nyingine upige kengele, kwa sababu mtiririko uliokufa hauwezi kutangaza kifo chake.

Kelele nazo zina hasara yake, kwani karani anayepokea ujumbe uleule kila dakika 15 huacha kuzisoma jumbe zote. Hifadhi hali ya mwisho kwenye jedwali, ondoa nafasi tupu zilizozidi, linganisha, kisha, mbali na taarifa ile ya asubuhi na ile ya kushindwa kusoma ukurasa, tuma pale tu hali inapotofautiana.

Jihadharini pia na saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, na sisi wenyewe tuna hesabu yetu ya mchana na usiku. Nilitaka ujumbe ufike saa moja asubuhi, nikaandika 7:00, ukafika saa nne, karani akiwa ameshatoka. Chagueni majira ya Nairobi katika mipangilio. Nywila zikae katika hifadhi ya siri ya huduma yenyewe, kamwe zisiandikwe ndani ya kisanduku, na masharti ya tovuti yasomwe kabla ya kuituma roboti huko.

Kuhusu njia ya kutuma, Telegram inafaa palipo na intaneti, lakini mimi hutumia SMS kwa wale ambao bando huwaishia wakiwa kwenye foleni. SMS moja hubeba herufi 160, ila ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, kikomo hushuka hadi 70. Ujumbe wetu wa herufi 120 ulikuwa ukitozwa kama jumbe mbili, na nilitafuta sababu kwa siku kadhaa hadi nilipoiona ritifaa iliyopinda katika neno “ng’ambo”. Nilipoiandika upya kwa ritifaa iliyonyooka, ukarudi kuwa mmoja.