Kilomita 10 za barabara ya Mweka: mbona muda umegoma kwenye dakika 58?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni fundi umeme hapa Moshi, nina miaka 36. Tangu Juni nakimbia njia ile ile mara tatu kwa wiki: naanzia Shanty Town, napanda barabara ya Mweka kilomita 5, nageuza narudi. Saa yangu inasema napanda mita 180 hivi. Nilianza na dakika 66, Agosti nikafika 58, na mpaka leo Novemba sijasogea hata kidogo, ingawa kila siku natoka nimepania kuivunja hiyo 58. Juzi muda wa kila kilomita, kwa dakika na sekunde, ulikuwa hivi. Kupanda: 5:25, 5:50, 6:20, 6:45, 6:50. Kushuka: 5:25, 5:20, 5:15, 5:20, 5:30. Nataka nifike 55 kabla ya kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Niongeze siku za mazoezi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa kuniandikia muda wa kila kilomita. Wengi huniletea jumla tu, na jumla haisemi mtu aliumia wapi.

Siku usiongeze. Tazama kilomita yako ya kwanza: 5:25, tena ya kupanda. Hiyo ndiyo kasi unayopata kwenye kilomita ya sita ukiwa unateremka. Maana yake ulianza mlima kwa kasi ya mteremko, na kufika ya tano umeshapoteza dakika 1 na sekunde 25 kwa kila kilomita. Barabara huko juu inakaza, ni kweli, lakini haikazi kiasi hicho.

Kosa hili wanafanya hata wazoefu, na sababu iko mwilini. Dakika mbili tatu za mwanzo moyo na mapafu huwa bado havijafikia kazi uliyovipa. Misuli inatumia akiba yake ambayo haihitaji hewa, kwa hiyo kasi yoyote unaiona nyepesi. Ni sawa na kununua kwa mkopo dukani: unatoka na mzigo, fedha hujatoa. Deni linakuja kudaiwa kwenye kilomita ya tatu na ya nne, pale ambapo wewe umeandika 6:20 na 6:45. Na kwa kuwa njia unaijua, miguu inakumbuka kasi ya siku uliyofanya vizuri, inaondoka nayo kabla pumzi haijaamka.

Sasa hesabu. Mita 180 kwa kilomita 5 ni mita 36 kila kilomita. Mimi hukadiria kwamba kila mita 10 za kupanda ndani ya kilomita zinakula sekunde 8 hivi, na kushuka mita hizo hizo kunarudisha kama sekunde 5 tu. Kwa njia yako, kupanda kunakugharimu karibu dakika 2 na sekunde 25, kushuka kunakurudishia dakika 1 na nusu. Mlima haurudishi chote ulichochukua. Kwa hiyo ukizidisha nguvu kwenda juu kwa matumaini kwamba utapumzika ukishuka, unatoa zaidi ya utakachopata.

Wiki ijayo, siku moja tu, jaribu hivi. Kupanda: 6:00, 6:05, 6:10, 6:10, 6:10. Kushuka: 5:20, 5:15, 5:10, 5:10, 5:10. Jumla ni 56:40. Kilomita ya kwanza utaona unachelewa mpaka uone aibu, vumilia. Faida utaiona kwenye ya nne na ya tano, ambapo watu wenye nguvu kama zako wanapoteza zaidi ya nusu dakika kila moja.

Najua nikiwaambia wakimbiaji wa huku waanze taratibu, hunijibu kwa jina moja: Filbert Bayi. Na kweli, mwaka 1974 kule Christchurch alitoka mbele tangu mwanzo, hakuna aliyemfikia, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ninamheshimu sana. Lakini zile zilikuwa dakika tatu na nusu uwanjani, wewe una karibu saa nzima na mlima juu yake. Kwa mbio zako mfuate Alphonce Simbu. Septemba 2025, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo, alikaa na wenzake kilomita zote 42, akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, dhahabu ikaja Tanzania. Mtu hawezi kumaliza hivyo kama pumzi yake aliiacha kilomita za mwanzo.

Jambo la pili linanisumbua zaidi ya hilo la kwanza. Umesema kila siku unatoka umepania. Mara tatu kwa wiki unafanya mtihani, na siku ya kusoma haipo! Kasi yako ya kila siku ni ya katikati: ngumu mno kujenga pumzi ndefu, laini mno kukufundisha kasi mpya. Agosti mwili ulishazoea, ukatulia hapo.

Baada ya jaribio hilo, siku zote tatu zibadilishe. Siku ya kwanza kimbia kilomita 7 au 8 taratibu, na kipimo sio saa. Unapopanda asubuhi unakutana na watoto wanaokwenda shule, na wanakuamkia. Ukiweza kusema, "Marahaba, hamjambo, mbona leo mmechelewa?" kwa pumzi moja bila kukatika, hiyo ndiyo taratibu ninayoitaka. Ukiishia kwenye "marahaba" peke yake, umeshazidisha. Ukiwa unainua mkono tu, upo kwenye mashindano. Nilimfundisha kijana mmoja kwa kipimo hiki. Wiki ya kwanza alikuwa anainua mkono kwa kila mtoto na bado ananiambia anakwenda taratibu.

Siku ya pili fanya mlima wa vipande. Pasha mwili dakika 15, kisha panda kwa nguvu dakika 1 na nusu, shuka ukitembea au kwa jogingi mpaka pumzi irudi, rudia mara sita. Cha sita kiwe na kasi ya cha kwanza. Kama hakiwezi, cha kwanza ulikivamia.

Siku ya tatu, Jumamosi, ondoka mlimani kabisa. Nenda barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC kule chini, ni tambarare, ukimbie kilomita 13, baadaye 15, kwa kipimo kile kile cha watoto. Ondoka mapema, saa 12 asubuhi, kwa sababu joto la huko sio la Mweka.

Hapo kwenye joto kuna jambo la kukutia moyo. Ulianza Juni, wakati Moshi ina baridi na mawingu. Sasa ni Novemba na jua linawaka. Mwili unapopata joto, sehemu ya damu inakwenda kwenye ngozi kuupoza, misuli inapata kidogo. Kwa hiyo 58 ya Novemba sio 58 ya Agosti. Kama siku hizi pia unatoka saa 1 badala ya saa 12, ujue tayari umepanda daraja bila saa yako kukuonyesha.

Kuhusu kushuka: ukisikia soli zinapiga lami pwa, pwa, pwa, unafunga breki. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili na sio mbele yake, kiwiliwili kiinamie mbele kidogo. Misuli ya mapaja inavutwa huku imebeba uzito, ndiyo maana maumivu hutokea kesho yake au keshokutwa. Goti likiuma kwenye kiungo chenyewe, acha mteremko wiki nzima, usibishane nalo.

Njia yako ya kilomita 10 ipime mara moja kila wiki ya nne, saa ile ile ya asubuhi na viatu vile vile. Dakika 55 kabla ya Februari naona inawezekana, na hizo kilomita 21 nazo zinapanda upande huo huo wa Mweka, kwa hiyo utakuwa nyumbani. Ukishapima mara ya kwanza niandikie tena. Nitaanza kusoma kilomita ya nne kabla ya jumla.